Karani wa Toleo la Zamani

Kabla hakujakucha, mwiko uligonga ukingo wa sufuria mara mbili jikoni kwa Theodosia, kijijini Heru Juu. Alikunywa uji akiwa amesimama, akapanda bodaboda hadi ofisi ya chama cha wakulima, Kasulu mjini. Ilikuwa Machi 2014. Shemeji wa mwenyekiti wa chama, Tharsisi, alikuwa ameanza kulima shamba la Theodosia la bondeni, na ushahidi pekee kwamba ni la Theodosia ulikuwa ndani ya kompyuta ya chama.

"Kompyuta imegoma, mama," Tharsisi alimwambia. "Tangu juzi ilipojisasisha. Sasa nitajuaje shamba ni la nani?"

Zuleha, fundi kutoka duka la steshenari, alikuwa ameshafika. Alimwachia Theodosia kiti, yeye akapiga magoti sakafuni. Kioo kilikuwa cheusi, na mistari michache myeupe ikisema mfumo haukuiona diski.

"Mfumo wake ni Linux," Zuleha alisema. "Sasisho limekosa nafasi, likaingia nusu. Humu mmeweka matoleo yote ya nyuma ya mfumo kama mbegu za maharage."

"Marehemu karani hakuwa mtu wa kutupa kitu," alisema Tharsisi.

Karani huyo, Nduwayezu, alikuwa mume wa Theodosia. Malaria ilimchukua Desemba 2012.

Zuleha aliiwasha upya, kidole kikiwa juu ya kitufe, mpaka orodha ya matoleo ikatokea. Alichagua la Juni 2012. Kompyuta ikawaka, na Nduwayezu akawa ameketi kando ya mkewe, mbele ya kompyuta, na sweta la kijivu, kwa kuwa Juni ile yeye ndiye aliyekuwa kazini. Zuleha alisogeza kikombe chake cha chai ili mzee apate pa kuweka mkono.

Tharsisi alipiga makofi taratibu, kama ipasavyo, akamwamkia kwa Kiha. "Mwakeye, karani."

Akauliza habari za huko, za magoti, za usingizi. Nduwayezu alijibu moja moja, naye akauliza za mvua, za mbuzi, za mihogo. Salamu zilichukua robo saa, na hakuna aliyezikatiza.

Kisha karani akafungua daftari la mashamba ndani ya kompyuta, akachapa ukurasa: shamba la bondeni, ekari moja na nusu, mmiliki Theodosia. Akatia saini.

Tharsisi aliusoma hadi mwisho. "Ni kweli tupu. Lakini chama hakipokei saini ya marehemu. Kanuni hiyo uliiandika wewe."

"Niliiandika kuwazuia watu kama wewe."

"Umefanya vizuri," Tharsisi alisema. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Binti, futa hayo matoleo ya zamani, jipya lipate nafasi."

Zuleha alifuta manane, akaliacha la Juni. Alisema ndivyo mafundi wanavyofanya, jipya likigoma pawe na pa kurudi. Tharsisi alimwamini, akaenda zake bondeni.

"Nitaizima nikimaliza chai," Zuleha aliwaambia wale wawili. Kikombe kilikuwa kitupu. Alikishika hivyohivyo, akageukia dirishani.

"Wamepanda mahindi mpaka mtoni, Baba Leonidasi," Theodosia alimwambia mumewe.

"Yameota?"

"Yameota vizuri."

Nduwayezu alitazama mikono ya mkewe kwa muda. "Jumatano mwenyekiti huwa safarini Buhigwe," alisema. "Njoo tena unione."