Pua ya Ntinyari

Meneja Kathuri alikwenda semina Embu akiwa mtu wa kawaida, yaani mkali na mwepesi wa kufokea watu mbele za watu, akarudi ameokoka. Si kuokoka kwa kanisani, kwa sababu huko alishaokoka zamani na kelele hazikupungua. Safari hii aliokoka kiofisi.

"Kiongozi wa kweli haogopi kuonyesha udhaifu wake," alitangaza asubuhi kwenye jukwaa la kupokelea maziwa, huku wakulima wa Kanyakine wamesimama na mikebe yao wakingoja zamu. "Kuanzia leo, hapa kwa ushirika wetu tutafunguka. Hakuna kujificha."

Wakulima walitazamana. Wao walikuwa wamekuja kuuza maziwa.

Aliyeyachukulia maneno hayo kwa uzito kuliko wote alikuwa Ntinyari, mpimaji wa maziwa, kwa sababu yeye alikuwa na kitu cha kuficha. Kazi yake ilianzia puani. Mkebe ukifunguliwa anainama, ananusa, anasema "pita" au "rudisha". Maziwa yaliyoanza kuchacha, au yaliyokaa karibu na mafuta ya taa, hayakuwa na haja ya kipimo kingine. Pua ya Ntinyari ilikuwa imeshayahukumu.

Sasa pua hiyo ilikuwa imekufa. Msimu wa mvua alishikwa na homa kali, akapona, akaamka siku moja akakuta uji hauna harufu. Akasema itarudi. Haikurudi. Akaendelea kuinama juu ya mikebe kwa heshima zote, kama askofu anayebariki, kisha akiinuka anamtupia jicho Kiunga, kijana aliyekuwa akibeba mikebe kando yake. Uso wa Kiunga haukujua kuficha siri. Maziwa yakiwa mabaya, mdomo wake wa juu ulipanda wenyewe kuelekea puani. Ntinyari aliusoma mdomo ule kwa makini kuliko anavyosoma Biblia. Na kwa hofu, kila mkebe akaupima pia kwa spiriti, ambayo hugandisha maziwa yaliyoanza kuchacha, hata ule usiotiliwa shaka. Maziwa mabaya hayakupita. Ila foleni ilirefuka, na wakulima wakaanza kunong'ona kwamba mama huyu siku hizi anaringa.

Nyumbani ndiko kulikomuuma. Kuunguza maharagwe alishazoea. Lakini alikuwa na mtoto mchanga, Gatakaa, na kila akimwinamia shingoni amnuse, ilikuwa kama kunusa sahani.

Ijumaa ikafika. Viti vilipangwa duara kwenye chumba cha mikutano, katikati kikawekwa kiboksi cha tishu, ambacho meneja alikinunua mwenyewe ili watu wajue kwamba kulia kumeruhusiwa.

"Nitaanza mimi," alisema Kathuri, akafumba macho. "Udhaifu wangu ni kwamba nawapenda wafanyakazi wangu kupita kiasi. Wakati mwingine... naumia." Akachukua tishu, akajipangusa jicho ambalo, kwa macho ya Ntinyari, lilikuwa kavu kama nyika ya Kiambere mwezi wa Septemba.

Watu wakapiga makofi. Purity wa ofisini akakiri kwamba yeye hataki kabisa makosa, kila kitu lazima kiwe sawa, na jambo hilo linamchosha. Makofi. Misheck, dereva wa lori, akaungama kwamba anafanya kazi kwa bidii mpaka anajisahau. Makofi mengi, hasa kutoka kwa wale waliomwona juzi amelala kwenye lori, miguu imetokeza nje ya dirisha.

Zamu ya Ntinyari ikafika. Alikuwa ameandaa uongo mzuri, kwamba ana huruma sana. Lakini mdomo ulipofunguka kilitoka kingine.

"Mimi sisikii harufu," alisema. "Tangu ile homa. Maziwa napima na spiriti, na namwangalia Kiunga usoni. Naogopa kila asubuhi. Hata mtoto wangu simnusi."

Hakuna aliyepiga makofi. Kiunga alishika mdomo wake kama mtu aliyeambiwa kuna kitu hapo. Kathuri alifumbua macho yote mawili.

"Asante, mama, kwa... kwa kufunguka," alisema. "Lakini jameni, uwazi nao una mipaka yake."

Jumatatu Ntinyari alikuta amepelekwa getini, kufungulia magari. "Si adhabu," meneja alimwambia, "ni kukulinda." Alilindwa hivyo, juani, kwa majuma kadhaa. Maziwa yakawa yananuswa na Purity, aliyeogopa kuchafua kucha na kwa hiyo akawa ananusa akiwa mbali. Kila Ijumaa duara liliendelea, na udhaifu wa watu ukazidi kupendeza. Misheck aligundua kwamba pia ana tatizo la uaminifu uliopitiliza.

Kisha siku moja Kathuri akaja mwenyewe mpaka getini, amebeba soda baridi. Ntinyari alijua kuna neno.

"Mama," alianza, "yule mwalimu wetu wa semina, Maxine, anakuja Ijumaa kuona vile tunafunguka. Sasa... hawa wengine wanaongea vitu vyepesi. Ile yako ilikuwa na uzito. Unaweza kuirudia? Vile vile tu. Na kama machozi yatakuja, usiyazuie."

Ntinyari aliitazama soda, akamtazama meneja. "Nitairudia," alisema.

Maxine alikuja, mwanamke mpole mwenye miwani mikubwa, akaketi kwenye duara. Ntinyari aliposimama, alisimulia yote: homa, spiriti, mdomo wa Kiunga, shingo ya mtoto. Maxine akatikisa kichwa kwa huzuni. Kathuri naye akatikisa, akaanza kuinua mikono apige makofi.

"Sijamaliza," Ntinyari alisema. "Nilipoyasema haya mara ya kwanza, nilitolewa kazini kwangu nikapelekwa getini. Hakuna aliyeniuliza kama nimeenda hospitali. Leo nimeambiwa niyarudie kwa sababu kuna mgeni. Hapo sasa ndipo nimemaliza."

Mikono ya meneja ilibaki hewani. Watu wote walipata kitu cha kutazama sakafuni. Maxine alimgeukia Kathuri tu, akangoja.

Kathuri alipoongea, ile sauti ya semina ilikuwa imemtoka, na Kiswahili chake kikaanza kujikwaa kwenye Kimeru.

"Niliogopa," alisema. "Wakulima wakisikia mpimaji hanusi, bodi ingenifukuza mimi. Sikufikiria wewe. Nilijifikiria mimi." Jasho lilimtoka, pua ikamtiririka, na tishu zilikuwa pale pale mbele yake, lakini alitumia mkono wa koti.

Huo haukuwa udhaifu wa kupendeza, na hakuna aliyeupigia makofi.

Jumatatu Ntinyari alirudi jukwaani. Kathuri aliwaambia wakulima wazi, bila hotuba, kwamba tangu siku hiyo Kiunga atanusa na Ntinyari atapima. Mzee mmoja aliguna, akaupeleka mkebe wake mbele. Kiunga alinusa kwa mbwembwe za mtu aliyepandishwa cheo. Duara la Ijumaa lilihamishiwa Ijumaa nyingine, kisha nyingine, mpaka likasahaulika.

Daktari wa Meru alimwambia Ntinyari kwamba harufu huenda itarudi na huenda isirudi. Siku nyingine Kathuri hupita jukwaani asubuhi, ameshamaliza kumfokea mtu fulani huko nyuma, na kusimama kando ya Ntinyari.

"Bado?" humwuliza kwa sauti ya chini.

"Bado," hujibu Ntinyari, na kuendelea na mkebe unaofuata.