Mistari ya Mkaa

Nje ya kijiji chetu, ng'ambo ya mashamba ya mahindi, kuna magofu ya mji wa kale. Lango lake lilianguka masika ya mwaka juzi. Baba, fundi mwashi, alikuwa mlinzi wake kwa miaka thelathini, na hakuna mwingine aliyejua kila jiwe lilikaa wapi. Masika yalipokwisha alikuwa akienda huko peke yake kila asubuhi, anarudi na mikono myeusi. Sisi tulijua anapanga mawe tu.

Kisha miguu ikamvimba. Habari zikaja kwamba mafundi wa serikali watakuja Alhamisi kulisimamisha lango.

"Nifikisheni nilione limesimama," alituambia. "Baada ya hapo Mungu afanye apendalo."

Jumatano mimi na wifi yangu tukaenda kusafisha, wageni wasikute uchafu. Mawe yote yalikuwa yamechorwachorwa kwa mkaa, mistari na misalaba. Tukawalaani watoto wa watu, tukasugua kwa sabuni na brashi mpaka jioni.

"Wifi, haya mawe yameoga kuliko kaka yako," alisema. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Alhamisi kaka alimleta Baba kwa mkokoteni. Baba aliyatazama mawe, akainama, akalipapasa moja kama mtu anayetafuta homa kwenye paji la mtoto.

"Mzee, tuliambiwa umeyawekea alama," fundi mkuu alisema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Baba hakusoma; ile ndiyo iliyokuwa hesabu yake. Wifi alinishika mkono, akaubana.

Baba alijaribu. Aliwaonyesha mahali pa mawe tisa. La kumi alilizunguka kwa macho muda mrefu, midomo ikimcheza, akatikisa kichwa. Fundi mkuu alisubiri mpaka adhuhuri, akafunga mfuko wake wa zana.

"Bila alama siwezi kubahatisha, mzee wangu. Zimekwenda wapi?"

Nilifungua mdomo. Baba akaniwahi.

"Mvua," alisema. "Mvua imezifuta."

Fundi alitazama juu, kisha akatazama vumbi kwenye viatu vyake.

Baba alituacha wiki mbili baadaye. Hata msibani watu waliendelea kunipa pole kwa ile mvua, nami niliitikia nimeshapoa. Mwaka ule, tangu masika yaishe mpaka tunamzika, halikudondoka hata tone.