Miezi Kumi ya Ummy

"Mwanao kafukuzwa, Mwanne. Aliondoka na Adinani wangu basi moja, wakaingia chuo cha urubani siku moja. Wangu bado anasoma, wako miezi kumi tu karudi. Nani hapa asiyejua kuhesabu?"

Zamda aliyasema hayo mlangoni kwa jirani yake, nusu ya Ng'ambo ikisikia. Mimi nilikuwa barazani kwangu nachambua uyoga, wala sikuondoka, ningeondokaje? Mzee Abbasi, mshenga, alisimama kati yao na barua mkononi. Maneno ya Zamda yalishafika kwa wakwe: hawamtaki tena Ummy, binti wa Mwanne. Tangu aje, mzee huyo alikataa hata maji, maana anayekuja kuvunja posa hali chakula cha nyumba hiyo.

Ummy akatoka na daftari lake la saa za kuruka.

"Shikamoo, mama Adinani."

Zamda akabetua midomo.

"Leseni ya urubani wa biashara inataka saa mia mbili hewani. Mimi nilikwenda na tisini, za leseni ndogo ya urubani binafsi niliyoipata nikiwa kazini Arusha. Hizi hapa, zina sahihi za walimu. Chuo kilinipima kwanza, kikazikubali. Adinani alianzia sifuri. Mtihani wa mwisho ni uleule, nami nimeufaulu."

"Karatasi hata stendi wanachapa."

Ulimi ukaniwasha. "Zamda, Adinani si alihitimu Qurani mwaka mzima kabla ya wenzake? Ukachinja mbuzi. Ukatwambia bibi yake alishamfikisha mbali nyumbani, ustadhi akamsikiliza, akaona hana haja ya kumrudisha kwenye alifu. Mbona hatukusema kafukuzwa madrasa?"

"Wewe kakuuliza nani?"

"Hakuna. Ila mbuzi nilimla."

Mzee Abbasi hakucheka. Alifunua daftari ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikifuata sahihi, kisha akamtazama Zamda.

"Nani wa chuoni alikwambia kafukuzwa?"

"Nilihesabu miezi."

"Kwa hiyo hakuna." Akaitia barua mfukoni. "Hii nawarudishia walioiandika. Posa ipo palepale, nitawaeleza mwenyewe."

Mwanne hakushukuru. Uso ulikuwa umekunjwa vilevile.

"Zamda, toka mlangoni mgeni apite. Nawe Mzee Abbasi, siku nne nimenyooshewa vidole sokoni na ninyi mkaamini. Hasira ninayo bado. Kanawe mikono, uingie ule."