Tani Mia Nane za Nta

Mgeni alilamba kidole, akafungua ukurasa wa kumi na tisa, akaacha kutabasamu. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, kwenye viti vya ukutani tunakowekwa watu wa mafaili, na nilijua anasoma mstari gani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kiti changu.

Nirudi nyuma kidogo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, karani wa ofisi ya takwimu, mwoga wa kila kitu chenye muhuri. Mwaka ule tuliandaa wasifu wa uchumi wa nchi kwa ajili ya ujumbe kutoka ng'ambo: kurasa arobaini za kueleza tunalima nini, tunachimba nini, na hasa tunawauzia nini wao. Walikuwa wanakuja kuamua bidhaa zetu zipi ziingie kwao bila ushuru. Mkurugenzi alituita wote, akasema bila kupepesa macho, "Likionekana kosa moja mbele ya wageni, mtu mmoja anakwenda nyumbani. Sitauliza mara mbili."

Mkuu wa kitengo chetu tulimwita Mama Nyota. Alikuwa na utaratibu wake: kituo cha forodha kisipoleta fomu, tunachukua takwimu ya mwaka uliotangulia na kuiwekea kinyota kando, ili msomaji ajue hayo ni makisio. "Bila kinyota ni uongo," alikuwa akisema huku anavua miwani. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Mumewe alikuwa kitandani mwaka wa pili, na dawa zake zililipwa na bima ya kazi ya mkewe. Hilo ofisi nzima tulilijua.

Sasa, bandari moja ndogo, ndiyo pekee inakopitia nta yetu, haikuleta fomu yake. Nikaandika nta ya mwaka uliotangulia, tani mia nane. Kinyota nikakisahau. Basi, ndiyo hivyo tu. Nilikuwa nachapa huku nawaza chakula cha mchana. Mama Nyota akasaini kwa kuniamini, kitabu kikaenda kuchapwa.

Asubuhi ya mkutano tarishi akaniletea bahasha iliyochelewa. Fomu ya bandari ile. Kwenye mstari wa nta, karani wa huko alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: HAKUNA. Mwaka mzima haikutoka hata kilo moja. Wenzetu walikaa kimya kwa sababu hawakuwa na cha kuandika, na sisi kimya chao tukakiita tani mia nane.

Nikaikunja ile fomu mara nne, nikaisukumiza ndani ya mkoba, chini ya leso na kitana. Mama Nyota akatokea mlangoni na gauni lake la kutokea.

"Mwanangu, mbona umepauka hivyo? Kila kitu kiko sawa?"

Muda ulikuwepo. Saa nzima! Tungeandika masahihisho kwenye karatasi moja, tukaigawa pamoja na vitabu. Ofisi hufanya hivyo kila siku na hakuna anayekufa. Lakini nilimwona mkurugenzi akipita nyuma yake koridoni.

"Sawa kabisa, mama."

"Haya twende, wageni wasije wakafika kabla ya wenyeji," akasema, akacheka peke yake.

Ndipo tukawa pale ukumbini, na mgeni akamnong'oneza mkalimani wake. Mkalimani akakohoa.

"Samahani. Mgeni anasema, kwenye kumbukumbu zao hawakupokea nta yoyote kutoka hapa mwaka huo. Hapa zimeandikwa tani mia nane. Anauliza, kama mstari huu uko hivi, mingine aiaminije?"

Mkurugenzi hakugeuka. Alisema taratibu, akiangalia mbele, "Nani kaandaa?"

Miguu yangu, nakuapia, niliiamuru isimame. Ikagoma. Aliyesimama ni Mama Nyota, ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Saini ni yangu, mheshimiwa. Kosa ni langu."

Wageni waliondoka kesho yake bila kutia sahihi chochote. Mama Nyota aliondolewa kazini siku ileile ya mkutano. Nilimkuta anaweka kalamu zake kwenye mfuko wa plastiki, na picha ya mumewe akiwa bado na afya.

"Nataka kujua kitu kimoja tu," aliniambia. "Asubuhi nilipokuuliza, ulikuwa unajua?"

Mkoba ulikuwa begani kwangu, fomu imo ndani. Niliogopa kuliko nilivyoogopa ukumbini, maana sasa nilikuwa namwogopa yeye.

"Sikujua, mama."

Akashusha pumzi, akanishika shavu. "Afadhali. Kosa la kusahau nalielewa."

Wiki iliyofuata mkurugenzi akaniita. Nilijua unga wangu umemwagika. Nilipanda ngazi hadi kwake. Hakunikaribisha kiti. Alisukuma barua mezani: kuanzia Jumatatu nikaimu nafasi ya Mama Nyota.

"Yeye mwenyewe kakupendekeza," alisema. "Kaandika kwamba wewe ni mtu usiyesema uongo."

Nikasema asante.