Vidole Viwili

Mkwe wangu alikuwa amebandika karatasi kwenye mlango wa kabati: namba ya simu ya kituo cha kulelea watoto. Jumatatu anarudi kazini. Mjukuu wangu ana miezi minne na tundu dogo moyoni, na daktari kasema atakayebaki naye lazima ajue la kufanya moyo ukisimama. Nikifaulu mafunzo ya zahanati, nabaki naye mimi. Nikishindwa, anapelekwa huko.

Nami darasa la nne sikulimaliza. Kazi yangu maisha yote ni kushona mito na kuijaza pamba.

Zahanati, mimi na mkwe wangu tulikuta wanasesere watatu wa mpira mkekani: mtu mzima, mtoto na kichanga. Nesi, binti mwenye sauti kubwa, akasema moyo ni pampu; ukisimama, damu haitembei tena mishipani na ubongo unakosa hewa. Basi mikono yetu ndiyo iwe pampu.

Nikaanza na mtu mzima. Mikono miwili katikati ya kifua, viwiko vimenyooka. Nikashindilia.

"Bibi, umemkalia!" nesi akacheka. "Achia kifua kiinuke, damu irudi moyoni, ndipo ubonyeze tena."

"Nimezoea pamba, mwanangu. Pamba ukiiachia inakucheka."

"Huyu si godoro. Bonyeza, achia. Upesi upesi, mara thelathini, halafu pumzi mbili."

Nikapata. Kwa mtoto nikatumia mkono mmoja, nikapata pia. Mkwe wangu akanong'ona, "Mama, unatuaibisha sisi vijana."

Ikafika zamu ya kichanga. Vidole viwili, chini kidogo ya usawa wa chuchu, kifua kiingie ndani theluthi moja. Vidole vikagoma. Nikawa kama ninayempapasa.

"Zaidi, bibi."

"Nitamvunja."

"Zaidi."

Nikaondoa mkono. Nikawaambia jambo ambalo hata mkwe wangu hakulijua. Kifungua mimba wangu alinyamaza mikononi mwangu, umri huu huu. Nilimtikisa, nikamwita, nikampepea kwa kanga. Kumbonyeza kifua sikujua. Na hata ningejua, ningeogopa kumwumiza.

Mkwe wangu akasogea akaketi nami, goti kwa goti.

Nesi akashusha sauti. "Bibi, aliyenyamaza hivyo hasikii maumivu. Anakungoja wewe. Ubavu ukipata ufa, tutautibu. Hebu niambie, mto wa mtoto ukiumaliza unaupimaje?"

"Kwa vidole viwili. Naubonyeza mpaka nisikie pamba imekaa, kisha naachia nione kama unarudi."

"Basi mpime huyu."

Nikaweka vidole. Nikabonyeza kama mto wa mteja mkorofi, nikaachia, nikabonyeza, nikihesabu kwa sauti. Thelathini. Nikafunika mdomo na pua yake kwa mdomo wangu, nikapuliza pumzi ya mashavuni tu. Kifua kikapanda. Nikapuliza tena, nikarudi kwenye vidole. Machozi yakawa yanadondokea ule mpira na sikuyafuta. Mikono ilikuwa kazini.

"Inatosha, bibi," nesi akasema.

"Subiri kidogo. Thelathini hazijatimia."

Jumatatu mkwe wangu akanikabidhi mtoto, chupa ya maziwa, na maagizo ambayo nilikuwa nayajua yote. Akatoka. Hata kabla sijakaa, akarudi.

"Umesahau nini tena, mwanangu?"

Akaenda kabatini, akaibandua ile karatasi, akaikunjakunja ngumini.

"Hii, mama."

Akaenda zake kazini.