Teksi Nje ya Zanana

...na asizime, hilo ndilo la kwanza, asizime mashine hata kidogo, nani kamwambia vile, Kidawa? la, mkewe hajui mambo ya mashine, hayo kayaokota Pandu mwenyewe kwenye picha juzi, picha hii hii inayooneshwa humo ndani ya sinema sasa hivi kwa wanawake peke yao, dereva wa majambazi kakaa garini nje ya benki, wenzake wamo ndani wanaiba, mashine inanguruma, mkono mmoja juu ya gia, na jasho hana, anatafuna kijiti cha meno tu, na watu wa viti vya mbele wanapiga mbinja, stelingi huyo! stelingi! na Pandu naye kapiga mbinja, mtu mzima na mvi zake, hajui kuwa nyumbani Kikwajuni Kidawa kamkalia macho makavu, maneno yameshapangwa, Alkhamisi, siku ya zanana, nitakuwa naye ndani, kabla picha haijesha Wanu atatoka peke yake, ataingia kiti cha nyuma, na wewe ndiye utakayemchukua, wewe babake, kwani teksi hiyo unayo ya nini?... Jua la alasiri linampiga ubavuni, kiti kinachoma, na yeye jasho analo, linamtiririka mpaka kiunoni, stelingi gani huyu, mlango wa sinema ule pale, wa kijani, umefungwa, autazame, asiutazame, akiutazama sana watu watauliza anamngoja nani, aa, dereva wa teksi hungoja abiria, ndiyo kazi yake, na hilo Kidawa kaliwaza, wakikuita wakakuuliza waambie nlibeba mtu wa buibui, watu wa buibui mji huu wako wangapi? ukishapita Bububu ndiyo useme naye, kabla ya hapo usimtazame wala usimwite jina, ukimfikisha Mkokotoni kaka yangu Silima atampokea, atamvusha Tumbatu, kisha Mombasa kwa watu wetu, kisha basi. Hapo kwenye neno basi ndipo Pandu anapopaliwa na mate. Kisha basi. Wanaoondoka hivyo hawarudi, na barua hufunguliwa, na Wanu ana miaka kumi na saba, bado hulala kajifunika mpaka kichwani kwa sababu ya mijusi.

Mkono wake uko wapi? Uko juu ya ufunguo. Nani kaupeleka huko? Betri ya Moris hii mbovu, akizima haiwaki tena mpaka isukumwe na wanaume wanne, na hapa nje wanaume wanne hawapo, kuna muuza njugu tu na miguu yake ya matege, basi akizima imekwisha, Wanu atatoka, ataingia nyuma, gari haitakwenda, atarudi ndani kwa mamake, na kesho ndiyo wanamtia ndani asingwe kwa liwa, mpaka Ijumaa ya pili, harusi na yule mkubwa wa serikali, na nani atamlaumu Pandu? Betri. Kidawa atalia, atamwambia huna maana Pandu, lakini betri ni betri, si yeye aliyeitengeneza... na Wanu atabaki mjini. Hilo hajalisema kwa mtu. Atabaki mjini, atapewa fleti kule Michenzani kwenye yale magorofa mapya, atamzalia wajukuu, Idi watakuja kupewa sikukuu yao, na Pandu akipita na teksi atapiga honi chini ya dirisha, pi pi, na Wanu atatoa kichwa... "Sheikh Pandu!" Ya Rabi. Huyu katokea wapi? Usi, jirani yao wa mlango wa tatu, Usi wa tawi la chama, anayejua nani kalala nyumba gani na nani kapikiwa nini, kaegemeza viwiko vyote viwili dirishani, kofia imekaa upande, Usi aliyemtoa mwanawe Shemsa mwaka jana kwa mkubwa kama huyuhuyu anayemtaka Wanu, na siku ya harusi kapiga ngoma kwa mikono yake mwenyewe, Pandu kamuona, na toka siku ile humwamkia kwa ulimi tu. Kaja kuchunga. Wameshajua. "Mbona wanguruma tu, bwana? Petroli imekuwa maji ya mfereji siku hizi? Zima, wee!" Betri, anasema Pandu, na sauti yake inatoka nyembamba, betri mbovu, nikizima haiwaki. "Aa, betri," anasema Usi, na haondoki.

Haondoki. Kwa nini haondoki? Anasema kitu, anasema juu ya picha, ati umeiona, ile ya dereva, wanasema ina mbio hiyo! magari yanaruka mitaro, na Pandu anajibu nimeiona, nzuri, nzuri sana, na jicho lake limeponyoka limekwenda mlangoni, alirudishe, alirudishe upesi, Usi naye anautazama mlango, wote wawili wanautazama mlango, Ee Mola wangu, na akitoka sasa hivi? akitoka Wanu mbele ya macho ya mtu huyu, anayemjua toka anatambaa, aliyemnyoa nywele za arubaini... "Na mwishowe inakuwaje? Dereva anakamatwa?" Hakamatwi, anasema Pandu, wenzake wote anawafikisha, halafu yeye anabaki peke yake garini, njiani, na nyuma hamna mtu. "Ndiyo mwisho huo?" Ndiyo. "Picha gani hiyo!" anasema Usi, anacheka, cheko kavu, na Pandu hacheki, Pandu anaikumbuka siku ile walipokuja kwake, wanaume watatu, viatu hawakuvua, wamekanyaga mkeka wa Kidawa na viatu vyao, wakanywa kahawa, na yule mkubwa mwenyewe, mtu mzima, ana wake wawili na gari ya serikali, hakuposa, aliarifu. Tumeona tuungane na nyumba hii. Hivyo tu. Na Pandu alisema nini? Naam. Naam! Utadhani kaitwa na mtu aliye chumba cha pili. Nyuma ya pazia kitu kilianguka, sinia au nini, hajauliza mpaka leo kilikuwa kitu gani, na usiku ule Wanu kala chakula chake, kaosha vyombo, kambusu babake mkono kama kila siku, na Pandu ule mkono hakujua auweke wapi.

Anaogopa. Basi, aseme kweli ndani ya moyo wake, hapa hakuna wa kumsikia, anaogopa jela, anaogopa bakora, lakini zaidi anaogopa kile kiti cha nyuma wakati wa kurudi, Mkokotoni mpaka mjini, njia nzima ile na kioo hakioneshi mtu. Zima. Kidole tu. Usi mwenyewe kashasema zima, hata ushahidi upo. Atabaki mjini, Pandu, atabaki karibu, utamuona... "Mie huja kila Alkhamisi," anasema Usi. Nini? Anasemaje huyu? "Huja mapema nipate pahala pa kivuli. Mumewe hamkatazi sinema, hapo sina neno naye. Kwetu ndiko anakomkataza." Nani? anauliza Pandu, na mkono uko juu ya ufunguo. "Nani tena, Shemsa. Kwani mie hapa hunifuata nini, bwana? Namngoja apite. Hutoka na wifi zake, wanne watano, wote buibui, wote wamejifunika uso, na hawezi kusimama, wala mie simwiti, ntamtia matatani. Hutazama viatu." Viatu? "Makubadhi. Nlimnunulia mwenyewe Darajani, kabla ya harusi. Kwa hayo ndiyo nlikuwa namjua. Akipita hapo karibu yangu huburura kidogo mguu wa kulia, basi nnajua kaniona. Toka mfungo mosi sijayaona, Pandu. Na sasa mfungo sita, miezi mitano. Sijui yamekatika. Sijui haletwi tena. Labda hupita mbele yangu na viatu vyengine na mie nnatazama chini kama mpumbavu." Na fleti, anasema Pandu, si anakaa pale Michenzani, si karibu na kwako... "Karibu," anasema Usi. "Madirisha yake yanatazama uani kwangu. Hayafunguliwi." Muuza njugu anapita, njugu moto, njugu, Usi anamfukuza kwa mkono, kisha sauti imeshuka, inasema na mlango zaidi ya kusema na mtu, "Na wewe ulidhani nlifurahi siku ile. Nlikuona ulivyonitazama. Nlipiga ngoma kwa nguvu ili nisimsikie anavyolia."

Honi chini ya dirisha, pi pi, na Wanu anatoa kichwa... dirisha lipi? Kichwa kipi? Mwaka mzima kamchukia mtu huyu, kapita mbele ya mlango wake kageuza uso, kumbe kila Alkhamisi yuko hapa juani anatazama viatu vya wanawake kama mwizi, mtu wa tawi, mtu anayeogopwa mtaa mzima, na mwanawe hayuko Mombasa, yuko hatua chache kutoka kitandani kwake, na hamuoni. Karibu! Karibu ndiyo hiyo. Basi Wanu akienda, Pandu kampoteza, na Wanu akibaki, Pandu kampoteza vilevile, kwake yeye baba hasara ni moja, hakuna njia ya kumbakisha, haikuwapo toka siku ile aliposema naam, kile kiti cha nyuma ni kitupu hivi ama hivi, na kwa Wanu siyo moja, kwa Wanu kuna kufunguliwa dirisha na kutofunguliwa, hicho ndicho kilichobaki, na hicho si chake Pandu, ni cha mtoto, na yeye alikuwa anataka kumnyang'anya kwa kidole kimoja ili apate kupiga honi. Loo. Loo, Pandu. Machozi haya ya nini sasa, yafute, sema ni jua. Na huyu Usi je, anajua? Akimuona Wanu anatoka, atapiga kelele, au atatazama chini kama alivyozoea? Pandu hajui. Lakini mkono umetoka kwenye ufunguo, umekwenda kwenye gia, na hapo umekaa. "Betri hizi," anasema Usi bila kugeuka, "usizime bwana, utaja kutusumbua tukusukume." Sizimi, anasema Pandu, na safari hii sauti ni yake mwenyewe. Ya rangi gani, anauliza. "Nini?" Makubadhi. Usi anamtazama, mara ya kwanza toka afike anamtazama usoni, macho mekundu, mzee, lini kazeeka hivi? "Mekundu," anasema. "Yana uzi wa dhahabu hapa mbele." Basi tutazame wote, anasema Pandu, na wanautazama ule mlango wa kijani ambao bado umefungwa, chini, pale miguu itakapotokea, mmoja anangoja makubadhi mekundu, na mwengine anangoja viatu vyeusi vya Kidawa, vilivyolika visigino, ambavyo leo kamvisha mwanawe.