Mgonjwa wa Kwenye Karai

...na akigeuka tumbo juu nimtoe haraka, ndivyo alivyosema Shumbana, mke wa mwenye duka kule Dongobesh, kwao Ujiji, samaki anawajua kama sisi tunavyojua ng'ombe, konzi moja ya chumvi kwenye karai la maji safi, umtie mgonjwa, macho usiyatoe kwake, basi sijayatoa, magoti yamelowa umande na perege wangu amelala ubavu, utando mweupe kama pamba umemshika mkiani, nimemfunua shavu kwa kidole, ndani panapotakiwa kuwa pekundu pamepauka, pumua baba, pumua, maana Hermani ameshasema, na mume wangu akisema amesema, wenzake kilabuni wanamcheka kwamba anafuga nyoka wenye mapezi, "Hawa wakifa, Kornelia, bwawa tunalifukia, tunapanda viazi," viazi! Tlawi nzima ni viazi, bwawa ni hili moja tu, na ni langu, nimelichimba nikiwa na mimba ya Patriki, bwana shamba wa serikali akaja kulipima kwa kamba, akatuletea vifaranga vya samaki ndani ya debe, akasema Wazungu wengine hufuga samaki bustanini wala hawawali, wanawatazama tu, nikacheka mpaka nikashika kiuno, mtu mzima anatazama samaki! sasa mtu mzima huyo ni mimi, jioni kazi zikiisha nakaa ukingoni na wao wanakuja, wananijua, katika boma hili hakuna kingine kinachonijia bila kuitwa, na hakuna kingine kinachokuja bila kutaka kitu, nafurahi, basi, nafurahi tu... "Kornelia! Ndama wametoka?" huyo ni mama mkwe, Natalia, yuko mlangoni, wametoka mama, shikamoo, nimesema bila kugeuka, Mungu anisamehe, shikamoo ya kumpa mkubwa mgongo, kwetu mke anarudishwa kwao kwa dogo kuliko hilo, lakini Shumbana alisema macho usiyatoe, na tena sitaki auone uso wangu, kwa sababu najua. Najua kilichowaua wale waliokufa juma lililopita. Nilikuta samaki wamepanda juu wote, midomo wazi, wanatafuta hewa, nikatia mkono kwenye tope la chini nikaibuka na machicha ya pombe, yamechacha, yananuka, ndiyo maana maji yameharibika, na maji yakiharibika ngozi ya samaki nayo inaharibika, hata mtoto angeona, na machicha ya boma hili yanatoka kwenye chungu kimoja tu, chungu cha mama mkwe, yeye ambaye samaki hajawahi kutia mdomoni, yeye aliyesema chemchemi ina wenyewe, pepo wa maji, haigeuzwi mfereji kwa ajili ya vidudu, nimeshafungulia maji mapya, nayasikia yanavyoingia, sauti tamu hiyo, na maneno yangu ninayo tayari, nimeyapanga kama kuni, mama, kama hunitaki kwa mwanao niambie mimi, usiwaonee wasioweza kulia, nitayasema leo, liwalo na liwe, fimbo yake inakuja, inagonga jiwe la kizingiti, inagonga njia, imesimama nyuma yangu.

"Bado amelala?"

Bado, mama.

"Hajala tangu jana," anasema, amejuaje kama hajala? "Nimekuangalia siku nyingi, Kornelia. Unakaa tu kuwatazama, chakula huwapi. Mnyama yuko bomani, anakunywa maji yetu, halishwi? Watu watatusemaje? Ukienda kuni nawapa mimi. Machicha mazuri, yale ya ng'ombe aliyezaa." Ya ng'ombe aliyezaa... hayo hatoi hovyo, hata ng'ombe wa jirani alinyimwa, na mimi nilipojifungua Patriki ni yeye aliyeniletea uji wa samli, akaupuliza mwenyewe, kijiko kwa kijiko, hakusema neno la upole hata moja, alisema kula, kula, unataka mtoto anyonye mifupa? nami nikala, nikapona, na kumbe ndivyo alivyokuwa akisimama hapa bwawani kila asubuhi, anawaambia kula, kula, wao wanakula mpaka wanakosa hewa, jamani mama huyu. "Leo nimeyapasha moto kidogo," anasema, harufu yenyewe inanifikia, "maji hayo ni baridi, mgonjwa atayawezaje?" na kuni zangu zote za maneno zimelowa, hakuna hata ujiti wa kuwashia, kicheko kinanipanda na machozi yanapanda nacho, mama, weka chini kwanza, samaki mgonjwa hali, machicha yanamziba pumzi, tutampa kesho, kidogo tu, nitakuonyesha. "Kesho," anasema, hajaridhika. "Lakini akipona tusimle." Hatumli, mama. Nimesogea, nimempa nafasi, magoti yake yanalia akikaa, samaki bado amelala ubavu, mkia bado mweupe, naye ameinama juu ya karai mpaka shanga zake zinagusa maji, mama, mwangalie kidogo, nasema, macho usiyatoe kwake, nikageuka nikamwamkia upya, uso kwa uso, shikamoo mama.

"Marahaba," anasema, wala hanitazami. "Nyamaza. Anapumua."